Pole kwa Herufi R

Uvumilivu wangu ulikatikia mnadani, Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya ng'ombe na watu. Mwenyekiti wa kijiji chetu aliingia na pikipiki yake ile ile ya siku zote, ila safari hii alikuwa ameegemea. Nyuma yake palikuwa pameota egemeo pana la ngozi nyeusi, limechomelewa kwenye keria kwa haraka. Alipozima injini na kushuka ndipo nikayaona maneno, yameshonwa kwa uzi mwekundu pale mgongo unapokaa: PORE MAMA.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba na fungu la dagaa mkononi. Nikamwamkia kwanza, maana adabu nilifundishwa kabla ya hasira.

"Marahaba, Mama Leah," akasema. "Tumbo linaendeleaje?"

"Linaendelea. Mwenyekiti, hilo egemeo umelitoa wapi?"

"Kabanga, kwa Warundi. Kwani hujui kusoma? Hicho ni Kirundi."

Wauza mitumba wakacheka. Nikaweka dagaa chini, nikaipanda pikipiki yake, nikakaa, nikaegemea. Nikasema sishuki mpaka aseme lile egemeo ni la nani. Alinibembeleza, akanitisha, akatuma mtu amwite mume wangu. Watu wakatuzunguka kama na sisi tunauzwa. Nilikaa pale karibu saa nzima, na ukweli ni kwamba mgongo wangu, uliokuwa ukiniuma wiki nyingi, ulipumzika kwa mara ya kwanza. Hilo liliniuma kuliko kicheko chao. Nilishuka kwa sababu ya mkojo, si kwa sababu yake.

Sasa ngoja niseme Fundi, aliyelitengeneza egemeo lile, ni nani, maana mwenyekiti anajifanya kamsahau.

Alikozaliwa sikujui, na ukoo wake siwezi kuutaja. Nilipoolewa kijiji hiki nilimkuta. Kibanda chake cha mabati kilitazamana na mlango wetu, kando ya barabara inayokwenda Kaniha. Kwamba ni Mhangaza wa kule Ngara, ulimi wake ulisema wenyewe: sikuwahi kusikia L ikitoka kinywani mwake. Mlima ulikuwa mrima, na binti yangu Leah, tangu siku ya kwanza, alikuwa Rea. Nilimsahihisha mwaka mzima nikachoka. Mtoto naye akazoea, akawa na majina mawili, moja la ubatizo na moja la Fundi.

Alikuwa mfupi, mkimya, mwenye viganja vikubwa visivyolingana na mwili wake, kama vile aliazima. Kanisani haendi, lakini Jumapili asubuhi, kengele ikilia, ndipo alipoitoa pikipiki yake nje na kuiosha. Padri alipomuuliza kwa nini, alimjibu kwamba Mungu ana waimbaji wengi na Sofa ina mwoshaji mmoja.

Sofa ndilo jina tulilolipa ile pikipiki. Ni ile aina ndefu, ya chini, ambayo dereva anakaa kama baba aliyemaliza kula: miguu mbele, mikono juu, mgongo nyuma. Ilisemekana mzungu wa misaada aliiacha Lukole kambi za wakimbizi zilipofungwa, ikapita mikono mingi, na Fundi alipoipata ilikuwa haina tanki, haina taa, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti. Aliijenga upya kwa miaka. Mimi sikuiona ikiwa mifupa. Niliikuta imeshavaa nyama, na bado kila mwezi alikuwa na kitu cha kuongeza.

Vikorombwezo. Hilo lilikuwa neno lake, na lilikuwa neno refu pekee alilolitamka sawasawa, maana R yake ilikuwa imeshawekwa tayari. Alivifuata mwenyewe hadi Kabanga, mpakani, ambako mabasi yalimshushia maboksi ya vitu vilivyotumika kwingine. Anaweza kuzunguka siku nzima kutafuta shokapu mbili laini na kurudi mikono mitupu, eti zilikuwa nzuri lakini zina kiburi, mpaka siku alipozipata alizozitaka. Usukani aliupata huko, mrefu, umejikunja juu na nje kama pembe za ng'ombe wetu wa Kagera. Wasukuma wafugaji waliposimama kuushangaa, aliwaambia kwamba hiyo sasa ndiyo ng'ombe, haili na haiingii shambani kwa mtu.

Hao Wasukuma ndio waliokuwa wateja wake. Kijana akiuza dume tu, anakuja apambiwe pikipiki: taa za rangi, shanga kwenye spoki, vioo. Mmoja alitaka vioo sita. Fundi alimtazama, akamuuliza nyuma kuna nini anachokikimbia. Akamfungia viwili, vingine akamrudishia mkononi. Alikuwa na kanuni kwamba kikorombwezo kisichofanya kazi ni uongo uliofungwa kwa nati. Halafu yeye mwenyewe akaweka kwenye Sofa honi ya basi. Honi ya basi, kwenye pikipiki, kijijini, ambako msongamano ni wa mbuzi. Nilipomwambia huo nao ni uongo, alinyamaza. Alikuwa hodari wa kunyamaza, na mimi ni mtu ninayetaka kujibiwa. Tuligombana sana, yaani niligombana.

Sofa aliijengea wajawazito. Hakuwahi kulitamka hilo kama sera, lakini kila alichokifunga kilielekea huko. Kituo cha afya kiko mbali, na njia ina makorongo, na kwenye bodaboda ya kawaida mwanamke mwenye uchungu anakaa katikati, dereva mbele na shemeji nyuma wa kumshikilia asianguke, kama mshikaki. Fundi alisema huo si usafiri, ni kuchomwa. Akaweka vibao viwili vya miguu vya abiria, vipana, ili miguu isining'inie. Akaweka ngao za bomba pande zote mbili, pikipiki ikilala zibebe uzito zenyewe. Akaweka mikoba miwili ya ngozi ya kubebea kanga na beseni. Ilibaki mgongo.

Egemeo la kwanza alilonunua Kabanga lilikuwa zuri, linang'aa. Alinikuta nikianika mihogo, nina mimba ya Leah, akaniomba nikalikalie. Nikakaa. Nikamwambia linanichoma hapa. Akasema alijua, maana egemeo la dukani limepimwa kwa mgongo wa mwanamume aliyeshiba. Akachukua kamba ya mgomba, akaniomba niiweke mwenyewe kutoka kwenye kalio hadi pale panapouma, na hapo akafunga fundo. Kamba ile alikuwa ameifunga mafundo kumi na moja, kila fundo mgongo wa mwanamke mmoja. Wapo waliocheka, na mume wangu alikasirika akaenda kumuuliza ni fundi pikipiki au fundi wa wake za watu. Fundi alimpa ile kamba aishike. Akamwambia fundo la mwisho ni la mke wako, ndilo liko chini kuliko yote, anabeba maji mengi, mpunguzie ndoo. Mume wangu alirudi nyumbani. Wiki ile maji alichota yeye.

Alivunja egemeo la dukani akabaki na chuma chake tu. Akakikunja upya kwa kufuata mafundo.

Uchungu wangu ulianza saa nane mchana, mvua inanyesha. Nilikaa kwenye Sofa, egemeo bado lina magunia tu, halijavishwa ngozi. Kuanzia pale mpaka kituoni nilimtukana. Nilimtukana yeye, na mvua, na mume wangu aliyekuwa anatufuata kwa baiskeli. Fundi hakusema kitu. Akifika kwenye korongo anasimama, anashusha mguu, anavuka taratibu kama anayebeba mayai. Karibu na kituo nikampiga ngumi ya mgongo, nikamwambia, "Wewe ni mtu gani? Hata pole huwezi kusema?"

Hakusema. Leah alizaliwa jioni ile.

Ndipo nikajua kazi ya honi. Mama akijifungua salama, Fundi akirudi alipiga honi kuanzia mlimani mpaka nyumbani kwa mama huyo, mlio mrefu, mbwa wote wanalia nao, na mabibi wanatoka nje na vigelegele kabla hata hawajui ni wa nani. Lakini yakiharibika, alizima injini juu kule mlimani. Akaisukuma Sofa kwa mikono kijiji kizima, taratibu, ngozi na vyuma vyote vile, bila sauti. Niliona hivyo mara mbili. Ukiona Fundi anasukuma, unaweka chini ulichoshika. Baada ya hapo sikusema tena kwamba honi ni uongo.

Nilipopata nguvu nilimpelekea kitenge cha shukrani, kipya, cha samaki wa bluu, nilichopewa na mama yangu. Siku chache baadaye nikamwona amekichana vipande. Niliona kwa macho yangu kipande kimoja juu ya meza yenye grisi. Nililia kwa hasira. Nikasema kumbe ndivyo, kitenge cha mama yangu kimekuwa tambara la kufutia spana. Sikumuuliza, na yeye si mtu wa kueleza. Nilikibeba kitenge kile moyoni miaka sita.

Miezi ile ile egemeo likavishwa ngozi, na fundi cherehani akashona yale maneno. Nikayaona, nikavuka barabara. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, na Kiswahili nilipata B. Nikamwambia Fundi, hapo pana kosa, ni POLE, kwa herufi L, watu watatucheka mpaka Biharamulo mjini. Nikajitolea kufumua na kushona upya.

Akafuta mikono. Akasema, "Sikumwandikia mwarimu. Nimemwandikia anayeumwa."

Nikarudi kwangu nimenuna. Niseme kweli, sikuunganisha. Mtu anapigwa ngumi mgongoni anaambiwa hawezi kusema pole, halafu anakwenda kuishona kwa uzi mwekundu, na mimi niliyepigana naye nasimama pale nasahihisha herufi.

Macho yake yakaanza kuingiwa ukungu. Kwanza akawa anatafuta nati kwa kupapasa, ambayo kwake haikuwa shida, halafu akagonga mwembe wa shamba la mtu akiwa peke yake. Siku hiyo hiyo aliacha kubeba abiria. Dada yake akaja kumchukua ampeleke Ngara. Kuhusu Sofa, Fundi akasema haendi nayo, inabaki na akina mama, chini ya ofisi ya kijiji, na dereva mmoja aliyemfundisha mwenyewe.

Hati ya makabidhiano niliiandika mimi, kwa sababu ya hiyo B yangu. Fundi alikaa mbele yangu akataka vitu vyote vitajwe: usukani, honi, mikoba, vibao, ngao, shokapu, egemeo. "Andika kimoja kimoja," alisema. "Kitu kisichotajwa hakina mwenyewe." Lakini wino ulikuwa unaisha, Leah ana homa, mwenyekiti anaangalia saa. Nikaandika: pikipiki moja pamoja na vikorombwezo vyake. Nikamsomea. Akaweka dole gumba.

Kwa hiyo kosa la kwanza ni langu, na ninaliandika hapa kabla mwenyekiti hajaliandika.

Mwaka haukuisha. Honi ilihamia kwenye lori la mkaa. Tukaambiwa ilikuwa inamaliza betri. Mikoba ikaenda kutengenezwa, haikurudi. Vibao vya miguu nikaviona kwenye bodaboda ya mtoto wa mwenyekiti. Nikienda ofisini kuuliza, mwenyekiti anafungua mlango wa stoo ananionyesha: pikipiki si hiyo? Hati inasema pikipiki moja, hesabu. Vikorombwezo ni vipi, vitaje. Yule dereva akakata tamaa akaenda kuchimba dhahabu. Mwezi wa pili wifi yangu alipelekwa kituoni kwa mshikaki, kati ya wanaume wawili, na alijifungulia njiani kwenye nyasi. Mtoto yupo. Wifi hajaweza kukaa sawasawa mpaka leo. Nilinyamaza hata hapo. Mimi, kunyamaza. Mpaka egemeo.

Jumatatu baada ya mnada nilipanda basi kwenda Ngara. Mume wangu alisema tumbo hili na mashimo yale. Nikamwambia ndiyo maana naenda. Nyumba ya dada yake Fundi iko kabla ya kufika Kabanga, kwenye kilima chenye migomba. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda nje, anamenya maharage mabichi kwa vile viganja, haraka, haangalii. Amekonda. Nilisema shikamoo tu, sikusema jina.

"Marahaba," akasema. "Rea hajambo?"

Sikutegemea kulia. Nilitoka nyumbani nikiwa nimejipanga kwa hasira, karatasi iko kwenye mkoba, maswali nimeyaandika. Nikakaa chini nikalia kama mtu aliyefiwa.  Fundi alinisogezea karai la maharage, tukamenya wote.

Nilipomaliza nikamweleza. Maneno yake nayaandika kwa L zangu, msomaji asichoke. Nikamweleza honi, mikoba, vibao. Kila kimoja alitikisa kichwa kama anayepokea taarifa za msiba wa mbali. Nilipofika kwenye egemeo, na jinsi mwenyekiti alivyosema ni Kirundi, akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka hivyo.

"Si Kirundi," alisema. "Huku kwetu mtu akiumia tunamwambia ihangane. Yaani vumilia. Nililiwaza hilo neno siku nyingi. Nikasema hapana, mwanamke yuko kwenye korongo, mvua, mtoto anakuja, halafu nimwambie tena avumilie? Nikaona niazime neno lenu. Kama nililiazima vibaya, basi."

Nikamwambia sasa hilo kosa ndilo ushahidi wangu pekee, na mwenyekiti amelifanya Kirundi. Hati haisemi. Nikamwambia hati niliiharibu mimi.

Aliendelea kumenya. Kisha akaniuliza kama mwenyekiti amewahi kulifumua lile egemeo ndani. Nikasema sidhani, anaendeshea hivyo hivyo.

"Mwambieni afumue," akasema. "Chini ya maneno, kati ya ngozi na godoro. Ngozi ilikuwa inalikwaruza godoro. Nilitandika kitenge chako. Samaki wanaangalia juu."

Nilikaa pale mpaka basi la mwisho likakaribia kunipita. Sikumwomba radhi kwa sauti. Nilimwomba kamba. Aliingia ndani akipapasa ukuta, akaitoa, imekauka, baadhi ya mafundo yamekatika. Akaniambia nijipime upya, kwa sababu mimba ya pili haikai palipokaa ya kwanza. Nikajipima. Akafunga fundo kwa kugusa, akaniachia kamba mkononi. Nimeitundika juu ya kitanda. Kila nikiamka naisikiliza barabara, najua hakuna honi, lakini naisikiliza.

Jana nimekwenda steshenari kuchapa barua. Binti wa kompyuta, msomi kama mimi, alipofika kwenye lile neno akalirekebisha bila kuniuliza. Nikamwambia arudishe. Akasema, "Dada, hili ni kosa, ofisini watakucheka." Nikamwambia wacheke kwa R. Akarudisha. Leo asubuhi Mtendaji wa Kata ameipokea, ameigonga muhuri, nakala ninayo. Inasema hivi:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUNYOFOLEWA VIFAA VYA PIKIPIKI YA AKINA MAMA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa kijiji hiki na mwandishi wa hati ya makabidhiano ya pikipiki hiyo. Katika hati niliandika "pamoja na vikorombwezo vyake" bila kuvitaja. Sasa navitaja.

Usukani mmoja mrefu wenye umbo la pembe. Honi moja ya basi. Mikoba miwili ya ngozi. Vibao viwili vya miguu vya abiria. Ngao mbili za bomba. Shokapu mbili laini. Egemeo moja la ngozi nyeusi, lenye maneno PORE MAMA kwa uzi mwekundu. Neno la kwanza ni la Kiswahili na limeandikwa kwa herufi R. Si kosa la uchapaji.

Naomba egemeo hilo, ambalo kwa sasa liko kwenye pikipiki ya Mwenyekiti wa Kijiji, lifumuliwe mbele ya ofisi yako na mbele yangu, chini ya maneno hayo. Ndani kitakutwa kitenge chenye samaki wa bluu, wanaoangalia juu. Kikikutwa, vyote nilivyovitaja virudishwe kwenye pikipiki, na pikipiki itolewe stoo. Kisipokutwa, nitamwomba Mwenyekiti radhi mnadani, mahali pale pale.

Mimi mlalamikaji nimebakiza wiki saba. Naomba nisijibiwe kwamba nivumilie.